Utenzi wa Kikombe: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Tangu kitabu kitoke, maswali yananifikia kila siku: baada ya ibada, kwenye simu, hata sokoni nikiwa nachagua nyanya. Mengi yanafanana. Nimeyakusanya hapa, maana wengi wanaouliza wana daftari lao wenyewe nyumbani na wanaogopa kulifungua.

Utenzi wa Kikombe ni kitu gani?

Ni utenzi wa beti 178 kuhusu miezi 14 ambayo mume wangu alikuwa akisafishwa damu kwa mashine, baada ya figo zake zote mbili kushindwa kazi. Upo kama kitabu chembamba, na upo kama sauti: mimi naghani, na akina mama wa kwaya yetu hapa Dodoma wanaitikia kila baada ya beti kumi. Mume wangu humo ndani ni Baba Watoto, kama nilivyomwita nyumbani. Jina lake halimo. Watoto waliomba hivyo.

Kikombe chenyewe kina maana gani?

Aliyeuguza mgonjwa wa figo ataelewa kabla sijamaliza sentensi. Figo zikikataa, maji anayokunywa mtu hayana pa kutokea. Yanajaa miguuni, usoni, mwisho kwenye mapafu, na mgonjwa anakosa pumzi akiwa amelala kitandani kwake. Ndiyo maana kila kabla ya mashine anapimwa uzito, na baada ya mashine anapimwa tena, ili ijulikane ni maji kiasi gani yametolewa. Na ndiyo maana anapangiwa kiasi cha kunywa kwa siku, maji, chai, uji na mchuzi vyote vikihesabiwa humo.

Sisi tulikuwa na kikombe cha plastiki cha bluu, kile cha kununua kwa machinga. Nilikichora mstari kwa kalamu ya wino mzito, sentimita mbili hivi chini ya ukingo. Hapo ndipo mwisho. Vikombe vitatu kwa siku, basi. Dodoma mnaijua ilivyo mwezi wa kumi: upepo mkavu, vumbi, midomo inapasuka hata kwa mtu mzima wa afya. Baba Watoto alikuwa anakishika kwa mikono miwili, anakunywa nusu, anakirudisha mezani na kukifunika kwa kisosi, kisha anakaa anakitazama.

Usiku mmoja aliniomba nimwongezee kidogo, juu ya mstari. Nilikataa. Mtu aliyenioa, aliyekuwa akinichotea maji kisimani miaka ile tunaanza maisha, nimemnyima maji. Nilitoka nikakaa uani gizani, na sala iliyonijia ni ile ya Gethsemane, kikombe hiki kiniepuke. Nilikuwa nimeisoma tangu Kipaimara. Usiku ule ndipo nilipotambua kwamba Bwana aliiomba mara tatu, na kikombe hakikuondolewa. Utenzi wote umetoka hapo. Ubeti wa kwanza unasema hivi:

*Kikombe nimekishika*
*Mstari nimeuweka*
*Hapo ndipo pa kufika*
*Maji yasizidi ndani*

Kuna sehemu nne kitabuni zimeachwa tupu. Ni makosa ya uchapaji?

Hapana. Kila ubeti unasimama kwa kipindi kimoja cha mashine. Ratiba yetu ilikuwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa muda wa saa nne kila mara. Kwa miezi ile 14 tulipaswa kwenda mara 182. Tulikwenda 178. Mara nne hatukuwa na fedha, na tulikaa nyumbani tukisikiliza pumzi yake. Siku hizo sikuandika kitu, na baadaye nilipojaribu kuzitungia beti niliona nasema uongo. Nikamwomba mchapaji aache nafasi ya ubeti mmoja kila mahali pale. Alinipigia simu mara mbili kuhakikisha.

Kwa nini utenzi? Kwa nini usiimbe injili kama wengine?

Naipenda injili na ninaimba sauti ya pili kwenye kwaya mpaka leo. Lakini nilijaribu wimbo, na kila mara ulinivuta kwenda kwenye kiitikio cha furaha kabla sijafika huko mwenyewe. Utenzi una uvumilivu. Vipande vinne, mizani nane kila kipande, vitatu vya mwanzo vinapatana vina, cha nne kinashika kina kinachorudi utenzi mzima. Unakwenda taratibu kama mtu anayetembea na mgonjwa.

Kuna jambo jingine ambalo sikulitegemea. Kuhesabu mizani kulinituliza. Pale kwenye benchi, mlango wa chumba cha mashine umefungwa, nilikuwa nahesabu silabi kwa vidole vya mkono wa kushoto. Neno lenye silabi tano linazidi, natafuta lenye nne. Dakika arobaini zinapita. Huzuni ilikuwa ileile, ila sasa ilikuwa na mahali pa kukaa.

Wala si jambo geni. Kitabu cha Maombolezo kina sura tano. Sura ya 1, ya 2 na ya 4 zina aya 22 kila moja, kwa sababu alfabeti ya Kiebrania ina herufi 22 na kila aya huanza na herufi yake kwa mpangilio. Sura ya 3 ina aya 66, tatu kwa kila herufi. Mji umechomwa, watoto wanakufa njaa njiani, na mwombolezaji anafuata alfabeti. Halafu sura ya 5: aya zimebaki 22, lakini mpangilio wa herufi umeachwa. Nilipofundishwa hilo kwenye somo la Biblia niliomba ruhusa ya kutoka nje. Nilihisi nimeonyeshwa mtu aliyekaa kwenye benchi langu.

Na kwa upande wa Kiswahili, tuna mama yetu Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, aliyemtungia binti yake utenzi mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Yeye alikuwa Mwislamu na mimi ni Mlutheri, lakini nilimsoma kama mtu anayemsikiliza shangazi. Mama anaumwa, anajua muda ni mfupi, anamwita mtoto asogee na wino na karatasi. Na sisi wa Dodoma tuna Mathias Mnyampala, Mgogo, Mkristo, aliyeiweka Injili na Zaburi katika tenzi miaka ya 1960. Anayesema utenzi si wa kanisani hajamsoma.

Mume wako hakupona. Huo ni ushuhuda kweli?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi linaulizwa kwa sauti ya chini.

Makanisani tumezoea ushuhuda wa namna moja. Mtu anasimama, anasema nilikuwa mgonjwa, nikaombewa, nikapona, Bwana asifiwe. Ninaufurahia, na naamini Mungu anaponya. Lakini umewahi kuhesabu ni wangapi wamekaa kwenye viti siku hiyo ambao wao waliomba na hawakupewa? Wanapiga makofi kisha wanarudi nyumbani wakijiuliza wamekosea wapi. Mama mmoja alinishika mkono siku ya tatu ya msiba na kuniambia kwamba pengine tulikuwa na imani ndogo. Alimaanisha kunitia moyo, nadhani. Maneno yale nilitembea nayo mwaka mzima kama mwiba kwenye kiatu.

Nami nikaenda kutafuta katika Maandiko. Paulo anasema alimsihi Bwana mara tatu mwiba wake uondoke, na jibu lilikuwa neema yangu yakutosha. Mwiba ulibaki. Waebrania 11 inawataja waliofunga vinywa vya simba, na hapohapo, katika sura ileile, wapo waliopigwa mawe na kukatwa kwa misumeno. Wote wanaitwa watu wa imani. Na ule wimbo tunaouimba karibu kila msiba, Salama Rohoni, uliandikwa na Horatio Spafford, mwanasheria wa Chicago, baada ya mabinti zake wanne kuzama na meli Novemba 1873. Watoto hawakurudi, na hakuna ubeti unaodai kwamba walirudi.

Shahidi kazi yake ni kusema alichokiona. Mimi nilichoona ni hiki, na kimo katika ubeti wa 131:

*Nilikuomba, Babangu*
*Umponye mume wangu*
*Ukanipa siku zangu*
*Za kumwosha kitandani*

Siku zile za kumwosha zilikuwa zawadi. Sikuziomba. Nilizitaka nyingine. Lakini nilipewa hizo, na ndani yake tulizungumza na kusameheana mambo ambayo miaka 16 ya ndoa hatukuwahi kuyagusa.

Si dhambi kumlalamikia Mungu kwa maandishi?

Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Mungu hata lini atanisahau. Zaburi ya 88 inaanza na kilio na kuishia gizani, hakuna sifa mwishoni. Ya 22 ndiyo aliyoililia Bwana msalabani. Kama malalamiko ni dhambi, basi tumeyaweka mengi sana katikati ya Biblia na kuyaimba.

Ninachoangalia mimi ni kama bado nazungumza *naye*. Kulalamika mbele yake ni sala. Kulalamika juu yake kwa watu, mgongo ukiwa umemgeuzia, ni jambo jingine, na nimelifanya pia, ila beti zile niliziacha daftarini.

Msiba wangu bado mbichi. Nianze sasa au nisubiri?

Andika sasa, tunga baadaye. Ni kazi mbili. Ya kwanza ni kuokota: tarehe, maneno aliyosema, harufu, bei, nani alikuja na nani hakuja. Hayo yakipotea hayarudi. Daftari langu la kwanza lina mambo kama "Ijumaa, kilo 61.4 kabla, 58.9 baada. Kacheka na nesi. Kasema embe." Kwa msomaji si kitu. Kwangu, neno "embe" peke yake lilinipa beti sita.

Beti za mwanzo nilizitunga akiwa hai, lakini kuutungia msiba wenyewe nilianza miezi minane baada ya kuanua tanga. Kabla ya hapo nilijaribu, na kila nilichoandika kilikuwa kelele au mahubiri. Sikupi idadi ya miezi. Mtu anajijua pale anapoweza kusoma daftari lake na kusahihisha tahajia badala ya kulifunga.

Na kama huli, hulali, au unawaza kujidhuru, weka kalamu chini na umwambie mtu leo hii: ndugu, mchungaji, daktari. Kuandika kulinisaidia, lakini kaka yangu aliyekuwa akija kila jioni na kukaa tu bila kusema neno alinisaidia zaidi.

Sijawahi kutunga chochote. Naanzaje?

Mimi ni fundi cherehani. Elimu yangu ni kidato cha nne. Naomba hilo lisikuzuie.

Anza na kitu kinachoshikika. Usianze na Mungu, wala na maumivu, wala na neno "maisha". Tafuta kikombe chako. Binti mmoja aliyenijia alikuwa amepoteza mimba ya miezi saba na alikuwa na kurasa kumi na mbili zilizojaa "uchungu" na "moyo wangu". Nilimuuliza siku ile ulibeba nini mkononi. Akasema kadi ya kliniki, na kwamba hakujua aitupe wapi. Nikamwambia, andika hiyo kadi. Alirudi na beti tisa ambazo sikuweza kumsomea mtu bila sauti kukatika.

Soma kwa sauti, kila mara. Kiswahili cha utenzi ni cha sikio. Silabi iliyozidi utaisikia kama kokoto kwenye wali.

Kisha jihadhari na ubeti uliokamilika mizani lakini hausemi kweli. Huo ndio hatari kubwa kwetu sisi waumini, maana maneno ya kanisani tunayo tayari mdomoni na yanajipanga yenyewe. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na mwisho huu:

*Leo nina raha tele*
*Nakwimbia kwa kelele*
*Amani yangu milele*
*Bwana yu kwangu moyoni*

Hesabu mwenyewe, mizani nane kila kipande, vina safi. Nilimsomea mwanangu wa kwanza, wakati ule ana miaka kumi na moja. Aliniangalia akasema, "Mama, lakini wewe hujaimba kwa kelele." Alikuwa sahihi. Raha tele sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni shati moja. Mawifi zangu walipokuja kugawa nguo za marehemu kama ilivyo desturi, nilibakiza shati la kijani la mikono mirefu, na lilikuwa kwenye kamba siku hiyohiyo. Nikafuta ubeti, nikaandika:

*Shati lake nalifua*
*Halivaliwi, najua*
*Nalianika kwa jua*
*Bwana, u nami uani*

Sijui kuhubiri zaidi ya hapo. Lakini kwamba alikuwa nami uani, pale kwenye kamba, hilo ninaweza kuapa.

Familia ilikubali mambo ya ndani yatoke nje?

Baba Watoto alisikia beti 40 za mwanzo kwa masikio yake. Nilikuwa namsomea mashine ikiisha, akiwa anasubiri kupimwa uzito. Alinikataza kitu kimoja tu, siku aliyoanguka chooni. Ubeti huo ulikuwepo, nikauchoma kwa kiberiti, na hakuna atakayeusoma.

Baada ya yeye kuondoka nilikwenda kwa mama mkwe na rasimu nzima. Nilimsomea jioni mbili, maana macho yake hayaoni vizuri. Aliomba nibadilishe ubeti mmoja uliomtaja kama mtu aliyenigombeza hospitalini. Nilibisha kimoyomoyo, kwa sababu ni kweli alinigombeza. Kisha nilikumbuka kwamba na yeye alikuwa anampoteza mtoto. Nimeubadilisha, na ubeti mpya ni bora.

Wagonjwa wenzetu wa kwenye benchi sikuwataja hata kwa mafumbo ambayo jirani angeyafumbua. Msiba wangu ni wangu kuusimulia. Wao sikuwaomba, na wengine hawapo tena wa kuombwa.

Kanisa lilisemaje?

Mchungaji aliusoma, akanirudishia na alama mbili za penseli, zote za tahajia. Mzee mmoja wa kanisa hakupenda ubeti wa 97 na hapendi mpaka leo. Tunasalimiana vizuri.

Mambo ya uchapaji na hakimiliki ulifanyaje?

Kwa kifupi. Nilichapa nakala 300 kwa fedha ya cherehani na mchango wa akina mama wa jumuiya. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, hapa Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba; kwa walioko Kenya ni Huduma ya Maktaba ya Taifa huko. Haki ya mtunzi haingoji usajili: chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inaanza pale kazi inapotungwa, na hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi ukidhulumiwa, kwa hiyo sajili.

Angalia sana unachonukuu. Biblia ya Union Version tunayoitumia wengi ilitoka 1952 na tafsiri ile ina wenyewe, Vyama vya Biblia. Aya moja mbili ukitaja zilikotoka sawa, sura nzima omba ruhusa. Nyimbo za ibada vilevile: sauti inaweza kuwa ya kale sana, lakini tafsiri ya Kiswahili au mpangilio wa kwaya una mtu. Na waliorekodi nawe, andikianeni mapema nani anapata nini, hata kama ni ndugu katika Bwana. Hasa kama ni ndugu katika Bwana.

Unapata fedha kutokana na kifo cha mumeo?

Ndiyo, kidogo, na ada ya shule ya watoto wake imetoka humo mara mbili. Swali hili liliniumiza mwanzoni. Sasa naona naye angefurahi.

Umepona?

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa bado naamka saa kumi alfajiri bila kengele. Nakaa, nasali, naanza kushona mapema. Kikombe kipo kabatini na mstari umefifia. Juzi mtoto wa mwisho alikichukua, akakijaza maji mpaka ukingoni, akanywa yote kwa pumzi moja, akatoka kwenda kucheza.

Tunaweza kuusoma kwenye msiba wetu?

Mnaweza, bila kuniomba. Usiku wa mkesha ndio mzuri, watu wakiwa wamekaa kwenye mikeka, kabla ya ratiba ya mazishi. Usisomwe wote. Chagueni beti ishirini hivi, na mruke za kati ya 150 na 165 kama marehemu naye aliugua kwa muda mrefu, maana ni nzito mno kwa aliyemuuguza. Msomaji awe mmoja, asiigize, asipandishe sauti. Akina mama waitikie kwa wimbo wowote ambao marehemu aliupenda. Na mtu akianza kulia katikati ya ubeti, msomaji anyamaze, asubiri mpaka amalize, ndipo aendelee na kipande kinachofuata.